Kula Vizuri Kisesa Bila Ngano wala Maziwa

Ukiambiwa hospitali kwamba tumbo lako halipatani na ngano, na kwamba maziwa nayo uyaweke kando, usikimbilie kutafuta vya kununua. Wapo wanaodhani kuanzia hapo maisha yao yanategemea vile viboksi vya bei kali vilivyoandikwa kwamba havina gluteni, ile protini ya ngano, na wapo wanaokata tamaa kabla hawajaanza kwa sababu hawana pesa hizo. Mkazi wa Kisesa, huku Mwanza, hahitaji viboksi hivyo. Ngano haijawahi kuwa zao la Usukumani. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huletwa kutoka nje, na ile inayolimwa nchini hustawi kwenye nyanda za juu kama Hanang na Makete, mbali na mbuga zetu zinazoteremka ziwani. Huku chakula cha msingi ni mahindi, mtama, uwele, mchele, muhogo na viazi vitamu, na katika hivyo vyote hakuna hata kimoja chenye gluteni. Upishi wa kumfaa mgonjwa huyu tayari upo jikoni kwa mama na bibi. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha ngano haiingii njiani, kati ya gunia na sahani, na kuziba pengo la maziwa kwa vyakula vinavyoweza kweli kuliziba.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Kuharisha kusikokoma, kupungua uzito, tumbo kujaa gesi na upungufu wa damu ni dalili za siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Lakini dalili hizo hizo huletwa na kichocho cha tumbo, na sisi tunaishi kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kimejaa. Huletwa pia na amiba, giadia, kifua kikuu cha tumbo na Virusi vya Ukimwi. Mwenye kichocho akiacha chapati atabaki na kichocho chake, tena atakuwa amepoteza miezi ya matibabu akijisifu kwamba anafuata mlo. Anza na vipimo vya choo na damu kwenye kituo cha afya, kisha uliza kama kuna haja ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Na kuna jambo moja ambalo wengi huliharibu kwa nia njema: kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha ngano majuma kadhaa kabla ya kupimwa, kingamwili hupungua na majibu yanaweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa ilhali unao. Endelea kula kama kawaida hadi upimwe. Hata hamu ya kujitibu mapema ikikuzidi, subiri.

Utasikia ikisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hoja hiyo haisimami. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana siliaki, wakati makadirio ya dunia nzima ni kama mtu 1 katika kila 100. Ugonjwa huu huhitaji vitu viwili vikutane: chembe za urithi zinazoukaribisha na gluteni ya kuuchokoza. Mtu aliyezirithi chembe hizo akakulia kwenye ugali wa mtama hakuwa na cha kumchokoza. Mjukuu wake anayefungua kinywa kwa maandazi mawili na chai kila asubuhi, na jioni akala chapati kwa maharage, yuko katika hali nyingine. Kisesa ya leo, yenye barabara ya lami ya kwenda Musoma ikipita katikati, na vibanda vya chapati kila upande, haili kama Kisesa ya miaka ya 1960.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya "kidogo hakidhuru", kwa sababu husemwa kwa upendo. Shangazi anakukatia robo ya chapati ili usijisikie umetengwa. Ushahidi haumuungi mkono. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliona wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 kwamba watoto wenye siliaki walipata nafuu mkate ulipoadimika, na wakaugua tena mkate uliporudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoweka wazi kwamba ngano ndiyo chanzo. Suala la kiasi lilichunguzwa baadaye: utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuuumiza utumbo wa mgonjwa wa siliaki. Slesi moja ya mkate ina gramu 2 au zaidi. Yaani ukiigawa slesi hiyo vipande 40, kipande kimoja kwa siku ni kingi. Robo ya chapati ya shangazi imevuka mpaka huo mara nyingi, na hata unga uliobaki kwenye ubao wa kusukumia unaweza kuufikia. Mwenye mzio wa ngano, au ambaye tumbo humsumbua tu bila siliaki, huenda akapewa masharti mengine, na hilo ni la kuzungumza na daktari wake. Mwenye siliaki hana nafasi ya kuonjaonja.

Sasa tazama safari ya chakula chako, maana hatari imejificha mashineni. Mashine ya kusaga ya mtaani husaga kila kinacholetwa: mahindi ya huyu, udaga wa yule, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, kisha debe la mchanganyiko wa unga wa lishe, ambao mara nyingi huwa na ngano ndani pamoja na mahindi, mtama, soya na karanga. Unga wa aliyetangulia hubaki kwenye kinu cha mashine, kwenye chekeche, na zaidi kwenye ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga mdomoni mwa mashine, ambao kila ukipigwapigwa hutoa vumbi jeupe. Kilo zako za kwanza ndizo hubeba masalia hayo. Mweleze mwendesha mashine shida yako kwa adabu na umuulize siku anazosaga ngano. Nenda asubuhi, awe amesafisha na hajaanza kusaga mengine. Tanguliza kilo moja au mbili za mahindi yako na unga huo upelekee kuku, kisha uweke mfuko wako mwenyewe kupokea unaofuata. Vizuri zaidi ni kutafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, hata ikiwa mbali, na kusaga unga wa mwezi mzima kwa safari moja. Kwa kiasi kidogo, kinu na mchi vya nyumbani havina mpinzani. Unga wa lishe wa kununua uache kabisa, isipokuwa unamjua aliyeutengeneza na umeona alichochanganya. Mtoto mwenye siliaki anayeharisha akapewa uji wa lishe ili apate nguvu anaweza kuwa ananyweshwa ugonjwa wake kila asubuhi.

Kuacha ngano kunakuongezea uzito wa kutegemea mahindi, karanga na muhogo, na vyakula hivi vina hatari zake. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mtu anayekula mahindi na karanga mara tatu kwa siku hukutana na sumu hiyo zaidi ya jirani anayebadilisha kwa mkate, kwa hiyo chambua punje zilizooza, zilizosinyaa au zenye ukungu, anika juu ya turubai badala ya ardhi tupu, hifadhi pakavu, na karanga chungu au zenye rangi ya ajabu tupa bila huruma. Kwa upande wa muhogo, somo liko jirani zaidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Njaa ilikuwa imewafanya wafupishe siku za kuvundika na kukausha, na sumu ya sianidi ikabaki kwenye unga. Konzo haina tiba ya kuirudisha miguu. Udaga uliovundikwa siku zake zote ukaanikwa mpaka ukawa mkavu kabisa ni chakula kizuri, na wanga wake hunata, jambo litakalokusaidia kwenye upishi. Kinachotakiwa ni usiharakishwe, na uliwe pamoja na dagaa, samaki, maharage au kunde, kwa sababu mwili huhitaji protini ili uweze kuiondoa sumu kidogo inayobaki. Badilisha nafaka pia: leo dona, kesho mtama, keshokutwa wali. Sembe nyeupe peke yake siku zote ni mlo maskini hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Ukinunua unga wa pakiti, tafuta uliorutubishwa kwa madini ya chuma na foliki asidi, maana unga wa mashine ya mtaani hauna nyongeza hiyo, na mgonjwa wa siliaki mara nyingi hufika hospitali akiwa na upungufu wa damu tayari.

Mlo unaowashinda watu ni kifungua kinywa. Mchana na jioni ugali upo, wali upo, lakini asubuhi kila mtu anashika andazi. Kosa linalofanywa ni kujaribu kutengeneza chapati au maandazi yale yale kwa unga mwingine. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushikamana. Mtama na mchele havina mvuto huo, na donge lake litakatika mkononi. Acha kukanda, tengeneza rojo la kumimina. Watu wa Pwani na Zanzibar walilimaliza tatizo hili zamani kwa vitumbua na mkate wa kumimina, ambavyo asili yake ni mchele na tui la nazi, bila ngano wala maziwa. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, utwange ukiwa bado na unyevu na uchekeche. Chukua vijiko vitatu vya unga huo uvipike kwa maji kidogo hadi viwe uji mzito, uache upoe. Uji huu ndio utakaoshikilia vingine badala ya gluteni. Changanya na unga uliobaki, kijiko kimoja cha chai cha hamira, sukari, iliki, na tui zito kiasi cha kikombe kimoja na nusu, ukiongeza kidogo kidogo hadi rojo liteleze kutoka kwenye upawa bila kukatika. Funika liumuke saa moja. Mimina kwenye kikaango cha vitumbua chenye mafuta ya moto, geuza ukiona kingo zimekauka na juu pametoboka vishimo. Nazi ikiwa ghali, loweka karanga, zitwange, zikamue kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Tui lake linafaa vizuri na karanga zinapatikana karibu.

Asubuhi ambazo huna muda, usione haya kula viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha au ndizi kwa chai ya rangi yenye tangawizi. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo vijana wengi wanaviona ni chakula cha wakati wa njaa, ni kifungua kinywa kinachokaa ghalani bila kuharibika na hakikutoi jasho la bei ya unga wa ngano. Ukitaka kitu cha chumvi, changanya kikombe cha unga wa mtama na nusu kikombe cha unga wa muhogo, yai moja, kitunguu kilichokatwa, chumvi na maji hadi rojo liwe jepesi. Liache nusu saa mtama unyonye maji, kisha limimine jembamba kwenye kikaango kilichopakwa mafuta. Muhogo hushika, mtama hutoa ladha. Usiligeuze kabla upande wa chini haujakauka, vinginevyo litameguka.

Kuhusu maziwa, pingamizi ni la haki. Wasukuma ni wafugaji, maziwa ya mgando na samli ni sehemu ya heshima ya nyumba, na mama yeyote atauliza mifupa ya mtoto itajengwa na nini. Jibu liko kwenye dagaa na ulezi. Dagaa huliwa na mifupa yake yote, na kalsiamu ya samaki imo mifupani. Sangara mwenye minofu minene, pamoja na bei yake, hakupi kalsiamu hiyo. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, ilhali gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina kama miligramu 120. Si yote ya ulezi inayofyonzwa, kwa kuwa ganda lake lina vitu vinavyoishikilia, lakini kuotesha na kuchachusha huvipunguza. Loweka ulezi usiku mmoja, uufunike kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, uanike, kisha utwange. Uji wa kimea hicho, ukikolezwa karanga zilizotwangwa, humshibisha mtoto kuliko chai ya maziwa iliyozidi maji. Na dagaa wasiharibiwe kwa kukaangwa tu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga ukome, maana wengi huanikwa chini. Wakaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo hadi harufu kali ipungue. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta ya pamba au alizeti, tia dagaa na maji ya limau, kisha mimina karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji, uache vichemke polepole mpaka mafuta ya karanga yaelee juu. Nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, hupikwa vivyo hivyo kwa karanga. Nyumba zenye desturi ya kuiunga kwa maziwa au samli zikutengee kibakuli chako kabla hayajawekwa. Limau lile husaidia pia mwili kuchukua madini ya chuma, na chai ya rangi, inayoyazuia, inywe mbali na mlo huu wa dagaa na mboga.

Nje ya nyumbani, umakini wako uende kwenye mafuta na mikono. Samaki wa kukaanga kibandani huweza kuwa amepakwa unga wa ngano ili asishike kwenye kikaango. Chipsi zinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi na sambusa. Bagia za dengu huongezewa ngano ili zishikane, kachori huchovywa kwenye rojo la ngano, na hata vitumbua vya kununua wengine huvizidishia ngano kwa kuwa mchele ni ghali. Bia nyingi za chupa hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, ambayo nayo ina gluteni. Muulize mama lishe anachotumia. Mama lishe mzuri atakujibu, na ukimzoea atakukaangia sato wako wa kwanza asubuhi kwenye mafuta mapya. Kilicho salama zaidi ni samaki wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ugali. Msibani na harusini, ambako watu hula sinia moja, mwenye chapati akichovya kwenye mchuzi wa pamoja ameshaweka makombo ndani yake. Mwambie mapema mmoja wa wapishi, wifi au mama mdogo, akutengee wali na nyama kabla sufuria haijafika barazani. Si ujeuri kuomba hivyo, na atakayeeleweshwa mara moja kwamba ni ugonjwa hatakulazimisha.

Kwa Wakatoliki, na parokia ya Bujora iko hapa hapa Kisesa, kuna swali ambalo mgonjwa huona aibu kuliuliza: hostia ni ngano. Vatikani ilitoa maelekezo mwaka 2003 na kuyarudia mwaka 2017. Hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa sakramenti, yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na muumini anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Zungumza na paroko kabla ya Jumapili na uombe kikombe chako tofauti, kwa sababu katika kikombe cha padre hutumbukizwa kipande cha hostia.

Turudi kwenye maziwa, maana si lazima uyaache maisha yako yote. Utumbo ulioumizwa na siliaki hupoteza uwezo wa kutengeneza laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huambiwa waache vyote viwili kwa pamoja. Utumbo ukipona kwa miezi ya kula bila gluteni, uwezo huo unaweza kurudi. Kwa wengine haurudi kwa sababu hawakuwa nao ukubwani hata kabla ya kuugua: utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wamerithi uwezo wa kuyeyusha maziwa hata ukubwani na wengine hawakuurithi, hata ndani ya jamii za wafugaji. Mwenye mzio wa protini ya maziwa asijaribu kabisa, na asidanganywe na maziwa ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Lakini kama shida yako ilikuwa sukari ya maziwa, na daktari ameridhika kwamba utumbo umepona, anza na samli kidogo kwenye mboga, kwa kuwa sukari hiyo karibu haimo. Ikikukalia vizuri kwa juma moja, jaribu nusu kikombe cha mgando pamoja na ugali, si tumbo likiwa tupu, kwa kuwa wadudu wa kuchachusha wamekwisha kula sehemu ya sukari yake. Ngoja siku mbili. Tumbo likinguruma na kuhara, acha, rudi kwenye dagaa na ulezi, ujaribu tena baada ya miezi mitatu. Likitulia, ongeza hadi kikombe kizima, na maziwa yasiyochachushwa, yaliyochemshwa, yaje mwisho.